Sadaka Waliyoila Panya wa Rafu ya Chini

Naapa kwa meno yangu yote, yaliyo kinywani na yale ninayoyalaza kwenye bilauri, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi. Kama nimeongeza, ni ya kuonjea tu. Mke wangu Sadae husema nikianza na "kweli tupu" watu wakae karibu na mlango, lakini Sadae hakuwepo maabara siku ile. Mimi nilikuwepo, nimesimama juu ya utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni, nimekatazwa hata kupiga chafya.

Mimi ni Yonezo. Miaka thelathini na minne nilitunza panya katika chuo kimoja kando ya Ghuba ya Mutsu, kaskazini mwa Japani. Jina la chuo silitaji, kina wakubwa wenye masikio marefu. Shuleni sikufika mbali. Mengine nilijifunza kwenye vitabu ambavyo madaktari waliviacha wazi mezani walipokwenda kula, kurasa mbili leo, tatu kesho. Ndiyo maana elimu yangu ina mashimo. Figo naijua vizuri sana. Ini silijui kabisa, kwa sababu daktari wa ini alikuwa akilia chakula palepale mezani kwake.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndio huu ninaousimulia, na mwenye hadithi hasa ni Daktari Orie Fukamachi. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani mikubwa, soksi kila mguu na rangi yake. Alikuwa na mkataba wa miaka mitatu uliokuwa unakwisha mwezi wa tatu, na ilikuwa imebaki nusu mwaka. Profesa Nagao, mkuu wa idara, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: ukileta matokeo yanayosimama kwa miguu yao, unabaki, na chumba cha panya kinabaki. Usipoleta, unaondoka, na chumba kinakuwa stoo ya viti.

"Viti, Mzee Yonezo," aliniambia. "Ningeshindwa na chumba cha darubini, ningeelewa. Nishindwe na viti?"

"Viti havili, Daktari. Wakubwa wanapenda kitu kisichokula."

Siku moja nikamuuliza anatafuta nini hasa, maana kitabu chake hakuwahi kukiacha mezani.

"Unajua utando wa seli ya ubongo umejengwa kwa nini?"

"Sijui. Ningekuwa najua, ningekuwa napokea mshahara wako."

"Kwa mafuta. Mafuta ya aina yake, yenye fosforasi. Yanaitwa fosfolipidi. Kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia."

"Kama Sadae nikianza kuimba. Kichwa kimebaki mezani kwa heshima, miguu iko mlangoni."

"Hivyohivyo. Sasa kuna fosfolipidi moja, plazmalojeni. Imejaa kwenye ubongo, na mtu akizeeka inapungua. Nataka kujua panya akiilishwa, je, atajifunza upesi zaidi, na seli zake zitapashana habari vizuri zaidi? Na hapa kwenu mnaila kila siku wala hamjui. Imo ndani ya hotate."

Hotate ni chaza wetu wa ghubani, wale wenye gamba pana kama upepeo. Kwetu hununui hotate. Unarudi nyumbani unakuta jirani amekuachia ndoo mlangoni, na ukikataa mmegombana. Daktari Orie aliwakamua mafuta hao chaza kwa mashine iliyonguruma siku nne, akayachanganya kwenye chakula cha panya. Nikaletewa magunia mawili, moja la kamba nyeupe, moja la kamba nyeusi. Moja lilikuwa na mafuta ya hotate, jingine mafuta ya soya, ya kawaida tu. Lipi ni lipi, jibu lilikuwa ndani ya bahasha kwenye kabati la Profesa Nagao. Mimi sikujua, na Daktari hakujua, ili mkono wa mtu usije ukampendelea panya yeyote.

Panya walikuwa ishirini na wanne. Kumi na wawili wa kamba nyeupe, kumi na wawili wa kamba nyeusi, kila mmoja kwenye kizimba chake, rafu ya juu na rafu ya chini.

Hapa sasa lazima nieleze habari za jiwe. Nyuma ya jengo letu kuna jiwe lililosimikwa kwa ajili ya wanyama waliokufa kwa ajili ya kazi ya chuo. Kila mwaka mwezi wa kumi wakubwa huja na suti nyeusi, wanachoma ubani, wanainama, wanaondoka. Lakini aliyenifundisha kazi, marehemu sasa, alinifundisha kuwa panya hafi mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kila asubuhi niliweka pale wali kidogo, maji, na hotate mmoja aliyechomwa. Na chakula kilichowekwa mbele ya wafu hakitupwi. Kikishakaa kidogo kinateremshwa na kuliwa, na wenye haki ya kwanza ni jamaa wa marehemu. Hiyo ndiyo desturi, nyumbani kwangu na kwako, na sikuona kwa nini kwa panya iwe tofauti.

Nilikuwa na daftari la uzazi. Panya sita wa rafu ya chini walikuwa ndugu wa tumbo moja na wale panya waliokufa majira ya kuchipua. Wafiwa kabisa. Basi kila siku saa nne nilimkatakata yule hotate vipande sita na kuwagawia wao, kwa vijiti, mmoja mmoja, kwa heshima. Wote sita walikuwa wa kamba nyeusi. Hilo sikulifikiria. Ningelifikiriaje? Ilikuwa ni msiba.

Wiki nane zikapita, ukaja mtihani wa maji. Kuna bwawa la duara, pana kama meza ya watu kumi, maji yametiwa rangi nyeupe yasionekane ndani. Chini kidogo ya uso wa maji kuna kibao kimefichwa. Panya anatiwa majini, anaogelea akikitafuta. Siku ya kwanza anahangaika kama mgeni kituo cha treni. Siku zinavyokwenda anakumbuka: dirisha liko kule, karatasi ya nyota kule, yule mzee mwenye kipara kule, basi kibao kiko hapa. Ndiyo maana nilipigiwa utepe mwekundu wa kusimama. Mimi nilikuwa sehemu ya ramani. Nikisogea hatua mbili, nimehamisha mlima.

Mtihani ulikwisha mwezi wa kumi na mbili. Profesa Nagao akaja na bahasha, akaifungua mbele yetu kwa kisu cha karatasi, taratibu, kama mtu anayefungua samaki. Kamba nyeupe ndiyo hotate, kamba nyeusi soya. Akatazama hesabu. Wa hotate walifika kibaoni kwa sekunde kumi na moja. Wa soya, kumi na nne.

"Tofauti ndogo," alisema.

"Ndogo," Daktari alikubali.

"Ndogo ya kutosha viti kuingia."

Siku tatu Daktari Orie alikaa na karatasi moja tu, anachora nukta. Siku ya tatu akaniita.

"Mzee, tazama hawa wa kamba nyeusi. Sekunde kumi na nne ni wastani, lakini hakuna hata mmoja aliyetumia sekunde kumi na nne. Sita ni werevu kama wale wa hotate. Sita ni mazuzu. Katikati hakuna mtu."

"Wapo wapi hao werevu?"

"Rafu ya chini. Wote."

Nikageuka kutazama theluji iliyokuwa inafika dirishani.

"Daftari lako linasema ni ndugu," aliendelea. "Basi ni damu. Ukoo wenye akili. Nilichagua panya vibaya, nimeharibu jaribio langu mwenyewe. Nitamwandikia Profesa leo. Najiondoa kabla hajaniondoa."

Akachukua kalamu. Sasa sikilizeni. Mtu mwingine angenyamaza. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu kwa heshima na saa ya ukutani ya zawadi. Lakini mimi nilisimama wima, nikavua kofia, nikainama mpaka paji la uso likagusa meza, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka ghorofa ya pili: "Daktari, siyo damu. Ni mimi. Niliwalisha sadaka ya ndugu zao."

Akaenda kwenye sinki akaosha bilauri moja. Akaiosha tena. Alipoiosha mara ya nne nikajua nimekwisha.

"Hotate?" aliuliza bila kugeuka.

"Hotate."

"Kila siku?"

"Marehemu hawana wikendi, Daktari."

"Kiasi gani kila mmoja?"

"Kipande kama ukucha wa kidole gumba. Cha kwangu, siyo cha kwako."

Aligeuka. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na machozi yako palepale. "Mzee Yonezo, unajua ulichofanya? Profesa hakujua, mimi sikujua, aliyekuwa anashika saa hakujua. Hata wewe mwenyewe hukujua kuwa unafanya jaribio. Bahasha yangu ilikuwa siri ya watu wazima. Hii yako ilikuwa siri ya kweli."

"Kwa hiyo sifukuzwi?"

"Unafukuzwa, lakini baadaye. Sasa hivi nakuhitaji."

Akakimbia kwa Nagao na zile nukta. Profesa akasikiliza mpaka mwisho, akakuna sikio. "Hadithi nzuri," alisema. "Lakini kipande cha ukucha siyo kipimo. Rudia. Panya wapya, gunia jipya, bahasha mpya. Kamati inayoamua mkataba wako inakaa tarehe ishirini na nne mwezi wa pili."

Ukihesabu siku za kulisha na siku za bwawa, ilibaki siku moja ya akiba. Moja. Panya mmoja akipata mafua, tumekwisha.

Na tatizo la kwanza halikuwa panya, lilikuwa jiwe.

"Kuanzia leo wali na maji tu," Daktari aliamuru.

"Wafu wamezoea hotate. Ukiwapunguzia wataulizia."

"Watamuulizia nani?"

"Mimi. Ndiye ninayepita pale kila asubuhi."

Akafikiri. "Basi weka. Lakini ukiteremsha, ule mwenyewe. Palepale nje. Mbele yangu. Halafu unawe mikono mpaka kwenye kiwiko."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kundi la tatu. Majira yote ya baridi nilisimama kwenye theluji ya magotini nikila hotate wa marehemu, Daktari amesimama dirishani akiniandika kwenye daftari. Na sitaki kujisifu, lakini ilifanya kazi. Wiki ya tatu nilikumbuka siku ya kuzaliwa ya Sadae. Wiki ya tano nilikumbuka majina ya vituo vyote vya treni mpaka Tokyo, kwenda na kurudi. Wiki ya saba nilikumbuka ugomvi ambao Sadae alikuwa na hakika nimeusahau, na nikaushinda.

"Umefunga bomba leo," Sadae aliniambia asubuhi moja. "Unaumwa?"

"Ni plazmalojeni, mke wangu."

"Mwambie huyo Plazmalojeni akukumbushe na kufagia theluji juu ya paa."

Panya hawakupata mafua. Mwezi wa pili walianza kuogelea. Na safari hii Daktari alikuwa na kipimo cha pili. Kwa baadhi ya panya waliomaliza kuogelea, alisikiliza ubongo wenyewe, mahali panapohifadhi kumbukumbu, kwa waya mwembamba kuliko unywele. Unagusa upande mmoja kwa umeme mdogo, upande wa pili unajibu, na jibu linaonekana kwenye kioo kama kichuguu. Kisha unagusa mara nyingi harakaharaka, kama mtu anayebisha hodi ana haraka ya choo, na baada ya hapo unabisha taratibu tena na kutazama: je, mlango umekumbuka kuwa ulibishwa? Ukikumbuka, kichuguu kinakua.

Kwa panya wa kamba nyeusi kichuguu kilikua, kisha baada ya nusu saa kikaanza kunywea. Kwa wa kamba nyeupe kilikua kikawa kilima, na kilima kikakaa. Nusu saa, saa moja, saa moja na nusu. Daktari alisahau kunywa chai yake, ikaota utando. Panya waliolala kwa ajili ya kilima hicho niliwapeleka mimi mwenyewe kwenye jiwe, na siku hiyo niliweka hotate wawili.

Lakini bahasha ilikuwa bado imefungwa. Kama kamba nyeupe ingetokea kuwa soya, tungekuwa tumethibitisha kuwa hotate anapumbaza, na ghuba nzima ingenihama.

Tarehe ishirini na nne wakaja wazee watatu wa kamati na Profesa Nagao, wote wamevaa viatu vya plastiki vya maabara vilivyowabana. Daktari akabandika nukta ukutani. Safari hii hazikuhitaji miwani. Nyeupe huku, nyeusi kule, na katikati uwanja mtupu unaotosha kuegesha lori.

"Nukta huchorwa na mtu," alisema Nagao. "Nataka kuona panya." Akaenda mwenyewe kwenye rafu, akanyooshea kidole kizimba kimoja cha kamba nyeusi na kimoja cha kamba nyeupe.

Mimi nikaenda kwenye utepe wangu. Daktari akamtia majini yule wa kamba nyeusi. Akaogelea akiambaa na ukuta, akazunguka, akazunguka tena, akapita karibu na kibao kama mtu anayempita mwenye nyumba wake. Sekunde ishirini na sita.

Kisha wa kamba nyeupe. Namba kumi na saba, nilimwita Bwana Mkubwa. Daktari akamshusha taratibu mpaka kwenye uso wa maji. Akamwachia. Bwana Mkubwa akainua pua. Akatazama dirisha, akatazama nyota, akatazama kipara changu. Naapa alinikonyeza. Halafu akakata maji moja kwa moja kama kisu kwenye tofu laini ya soya, bila kona, bila kusita. Sekunde nne. Akapanda kibaoni, akasimama kwa miguu miwili, akafuta maji usoni, akamgeukia Profesa Nagao na kumwinamia. Na Nagao, mtu wa adabu za zamani, naye akamwinamia kabla hajajua anafanya nini.

Hakuna aliyecheka. Bahasha ikafunguliwa. Kamba nyeupe: hotate.

Daktari Orie alikaa chini palepale sakafuni, kwenye maji, na koti lake jeupe. Mzee mmoja wa kamati alisema hajawahi kuona nukta zilizoachana vile tangu aanze kazi. Nagao akakunja karatasi ya bahasha vizuri, akaiweka mfukoni. "Viti tutavitafutia mahali pengine," alisema. Nikaingia ndani ya bwawa na buti zangu kumtoa Bwana Mkubwa, maana wote walikuwa wamemsahau, na nikapita naye korido nzima begani, milango inafunguka, watu wa figo na watu wa ini wanapiga makofi. Mwezi wa nne Daktari alipewa mkataba usio na mwisho na jina lake likabandikwa mlangoni. Mimi nikapewa saa yangu ya ukutani.

Haya yote niliyasoma kwa sauti mwezi wa kumi uliopita, baada ya ubani, mbele ya jiwe. Nilialikwa kama mstaafu kusema maneno mawili. Nilipofika kwenye makofi ya korido, watu walianza kupiga makofi ya kweli, na nikawa nafunga karatasi zangu, Daktari Orie akainua mkono.

"Mzee Yonezo, nina marekebisho. Mimi ndiye mkuu wa chumba, kumbukumbu za chumba ni zangu."

"Sema, Daktari. Sisi ni watu wa sayansi."

"Haikuwa sekunde nne. Ilikuwa tisa."

"Tisa ni nne iliyotembea."

"Panya hakuinama. Alikuwa anajikuna tumbo."

"Profesa alimwinamia," nilisema.

"Nilikuwa naokota kalamu," alisema Nagao kutoka nyuma.

Watu wakaanza kucheka. Sadae, aliyekuwa safu ya mbele na koti lake la misiba, akanitazama kama anayetazama chungu kinachofurika.

"Na jambo la mwisho," alisema Daktari. "Hukuvua kofia, hukuinama, wala hukukiri. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua ya kujiondoa, nikaenda kuaga panya, nikakukuta umechuchumaa nyuma ya rafu na vijiti mkononi, unamwambia mmoja wao: 'Kula upesi, pole kwa msiba.' Nilipokuuliza ni nini hicho, ulisema ni kipande cha kifutio."

Alikuwa hajasahau hata neno moja.

"Kwa hiyo nusu ya barua ile ipo bado mezani kwangu," alisema, sasa kwa sauti ya chini, "na ningeimalizia kama usingewahurumia wale sita. Hilo la huruma ni kweli, liandike. Hayo mengine utayalipia. Chakula cha mchana, kila mtu aliye hapa."

"Kila mtu?" Niliwahesabu. Walikuwa ishirini na wawili, na wa ini walikuwa wamekuja wote.

"Kila mtu," alisema Sadae, akiwa ameshatoa pochi yangu kwenye mkoba wake.

Tukaenda kwenye duka la tambi mbele ya stesheni, tukalijaza. Nagao alirudia bakuli mara mbili. Daktari Orie alinikalisha pembeni yake, akamwambia mhudumu aniletee la kwangu mwisho, na asiniletee kabla sijasema mbele ya meza nzima Bwana Mkubwa alitumia sekunde ngapi.

"Tisa," nilisema.

Bakuli likaja.